Nani Hulipia Subira?

Kasa hawajui watoto wake. Hupanda ufukweni usiku maji yakijaa, akajikokota mchangani mpaka avuke mstari wa takataka zilizoachwa na bahari, akafukua kwa mapezi ya mbele hadi mwili uzame kidogo, kisha akaanza kuchimba kwa mapezi ya nyuma. Hapo ndipo penye cha kutazama. Pezi la kulia huingia shimoni, hujikunja, huchota mchanga kiasi cha kiganja, huutoa na kuutua kando bila kuumwaga. Likitoka, la kushoto huingia. Yeye mwenyewe haoni lolote, kwa kuwa shimo liko nyuma yake. Hata hivyo shimo hutoka safi, jembamba juu na pana chini, na humo huteremsha mayai 100 na ushei, meupe, laini, yenye ute. Machozi humtiririka muda wote, nayo si ya uchungu: ndivyo mwili wake unavyotoa chumvi. Akimaliza hufukia, huvuruga mchanga mahali papana ili pasijulikane alipotaga, na kushuka majini. Huenda akarudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, na tena, kisha asionekane miaka miwili, mitatu au minne.

Kwa upande wa Tanzania Bara, mojawapo ya mahali ambapo kasa bado wanataga ni ufuko wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hifadhi hii iko kati ya Bagamoyo na Pangani, inatazamana na Unguja, na ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 1,100. Wageni huisifu kwa sababu twiga na nyati wanaishi jirani na bahari, na kwa sababu mto Wami, pamoja na viboko na mamba wake, unaingia baharini katikati ya mikoko. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sehemu yake ya kaskazini, Mkwaja, iliwahi kuwa ranchi ya ng'ombe iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili kuwalisha nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Mbung'o waliisumbua ranchi hiyo karibu nusu karne, dawa baada ya dawa, mpaka ikafungwa mwaka 2000.

Lakini pwani hii haikuwa tupu ikisubiri kuhifadhiwa. Kijiji cha Saadani kilikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19, na mwaka 1889 Wajerumani walikipiga mizinga kwa sababu kiongozi wake, Bwana Heri, alikataa kusalimu amri. Kabla ya hapo na baada ya hapo watu wamevua kamba na samaki, wamechemsha chumvi, wamekata nguzo, na walipokuta nyayo za kasa mchangani asubuhi wamefukua mayai wakala. Hifadhi ilipokuja ilikuta maisha yanaendelea, ikayaomba, na pengine ikayaamuru, yabadilike. Ni ombi hilo ndilo ninalotaka kulitafakari, maana naona tumezoea kulieleza nusu.

Tuanze na muda. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: kiota kikizidi nyuzi 29 hivi hutoa majike wengi, kikipungua hutoa madume wengi. Vitoto hutoka usiku kwa mkupuo, vikafuata upande wenye mwanga, ambao kwenye ufuko usio na taa ni upande wa bahari. Njiani kuna kaa, na ndani ya maji kuna samaki wanaosubiri. Inakisiwa kwamba kati ya vitoto 1,000, kimoja tu hufikia utu uzima. Hicho kimoja, kama ni jike, kitachukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kurudi kutaga katika eneo kilikozaliwa. Askari wa hifadhi aliyeajiriwa mwaka huu akiwa kijana huenda atakuwa mstaafu siku matunda ya kiota anachokilinda leo yatakapopanda tena ufukweni.

Sasa tusikilize tunavyoisifu subira. Mvumilivu hula mbivu, tunasema. Subira yavuta heri. Methali hizi ni za kweli kwa mkulima wa ndizi na kwa mwanafunzi, kwa sababu zimebeba ahadi moja ya wazi: anayesubiri ndiye atakayekula. Kwa kasa ahadi hiyo haipo. Anayesubiri ni mvuvi wa Saadani aliyeacha mayai mchangani, na atakayekula hajulikani. Huenda ni mtoto wa mvuvi huyo. Huenda ni mtalii ambaye hajazaliwa. Huenda ni mtu wa pwani nyingine kabisa, kwani kasa hana uraia. Kasa waliowekwa alama Komoro na Shelisheli wamewahi kupatikana katika maji ya Tanzania. Wanakula majani yetu ya baharini, wanataga kwa wenzetu. Na wetu vilevile wanakwenda mbali.

Basi subira inayohitajika hapa ni ya aina nyingine, ngumu zaidi, na haifai kuhubiriwa kwa methali zilezile. Ni subira ya kumsubiria mwingine. Tukimwambia mvuvi kwamba mvumilivu hula mbivu, halafu mbivu zikaliwa na watu wengine miaka 30 baadaye, hatujamfundisha uadilifu. Tumemdanganya, na yeye anajua.

Mikoko inasema jambo hilohilo kwa sauti ya chini zaidi. Asiyeijua huona msitu mmoja wa matope. Wanaoishi nayo wanaijua kwa majina: mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope, mlilana unaosimama mbele kabisa kupokea mawimbi, msinzi, mkandaa, mkomafi. Kila mmoja una kazi yake. Fundi wa mashua hutafuta mti uliopinda wenyewe ili apate taruma. Mjenzi hutafuta boriti iliyonyooka. Mkandaa ulitoa magome ya rangi. Kwa karne nyingi miti hii ilifungwa kwa korija, ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za zamani za mawe huko Lamu na Unguja ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Ni msitu uliojenga miji.

Mche wa mkoko hauanguki ukiwa mbegu. Huota ungali juu ya mti, ukarefuka na kuning'inia kijani kibichi, mzito upande wa chini, na siku ya kudondoka, maji yakiwa yamekupwa, huchoma tope na kusimama hapohapo. Maji yakiwa yamejaa, huelea ukachukuliwa, ukaota kwenye ghuba isiyokuwa yake. Kutoka hapo mpaka uwe nguzo ni miaka mingi. Wakati huo wote kamba wachanga wamejificha kwenye mizizi yake kabla ya kwenda kina kirefu, tope limenaswa lisifunike majani ya baharini, na wimbi la dhoruba limepunguzwa makali kabla ya kufika kijijini. Tope la mikoko hufungia kaboni nyingi kuliko udongo wa misitu mingi ya nchi kavu. Ukiukata mti huo, nguzo ni yako leo. Ukiuacha, kamba wataliwa mezani Dar es Salaam, na hewa itakuwa ya dunia nzima. Hapa tena anayeacha na anayefaidi si mtu mmoja.

Je, watu wa pwani walilitatuaje fumbo hili? Majibu yapo, na baadhi yake yana umri wa kutosha kupimwa.

Kisiwani Mafia, tangu mwaka 2001, mradi wa kuhifadhi kasa ulianza kuwalipa watu waliotoa taarifa za viota. Mpango wenyewe ulikuwa na akili. Anayekiona kiota hupewa kiasi fulani cha kwanza, na kiasi kingine hutolewa mayai yakishaanguliwa, kwa kufuata idadi ya vitoto. Kwa hiyo aliyekiona ana sababu ya kukilinda miezi miwili mizima: dhidi ya mwizi, dhidi ya mbwa, dhidi ya maji ya bamvua yanayoweza kukifunika. Siku ya kuhesabu, mtu hupiga magoti akafukua kwa mkono shimo ambalo vitoto vimekwisha toka. Huweka maganda matupu upande mmoja na mayai yaliyoharibika upande mwingine. Vitoto vilivyokwama hutolewa, vilivyo hai vikaachiwa. Harufu si nzuri. Maganda hayana uzito, yamekunjamana, yanashikana na mchanga, na ni lazima yahesabiwe moja moja kwa sababu kuna mtu amesimama pembeni ambaye malipo yake yanategemea hesabu hiyo. Napenda sana tendo hili. Hapo wema umepewa daftari, na daftari linasomwa mbele ya mwenye haki.

Huko Watamu, Kenya, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na ambako mikoko ya Mida iko nyuma tu ya fukwe wanakotaga kasa, kuna utaratibu wa aina hiyo. Mvuvi aliyenasa kasa wavuni kwa bahati mbaya hupiga simu badala ya kumchinja; watu huja, humpima kasa, humtibu akiwa ameumia, humwachia, na mvuvi hupewa kifuta jasho kwa muda wake. Na Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa tangu mwaka 2013 wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo, na fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Wapo wanaokunja uso wakisikia haya. Wanasema wema ukilipwa si wema tena. Kwamba ukimzoesha mtu kupokea fedha ili asiibe mayai, siku fedha zikikoma atayaiba kwa hasira zaidi. Wengine wana shaka nyingine: kwamba mvuvi anaweza kumtega kasa makusudi ili aitwe mwokozi. Hoja hizi si za kupuuza. Fedha za wafadhili hukoma, na zikikoma ghafla huacha uchungu kuliko kama hazikuja kabisa. Na kuna wazee wa pwani waliomwacha kasa kwa sababu ya imani au huruma bila kupewa hata senti. Kuwaweka kwenye orodha ya malipo pamoja na kila mtu ni kama kuwaambia kwamba hatukuona tofauti.

Lakini hoja ya kwanza ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hutolewa na watu wasiosubiri. Mhifadhi analipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Mtafiti analipwa, mwenye hoteli analipwa, mwandishi wa makala kama hii naye analipwa. Hakuna anayesema kwamba mshahara wa askari wa doria umeharibu wema wake. Ni mvuvi peke yake tunayemtaka afanye kazi hiyohiyo ya ulinzi, usiku huohuo, kwenye ufuko huohuo, kwa mapenzi tu. Tukimpa kitu tunakiita motisha, na tunaingiwa na wasiwasi juu ya roho yake. Mimi naona tungetangulia kuwa na wasiwasi juu ya chakula chake cha usiku. Ikiwa amekula, na watoto wamekula, tutajua kama ni mwema au la. Akiwa na njaa, tunachopima ni njaa.

Hii haina maana kwamba kila kitu kiwe bei. Malipo mazuri ni yale yanayosema, tumeona ulichokiacha. Malipo mabaya ni yale yanayosema, tumekununua. Tofauti yake haiko kwenye kiasi. Iko kwenye swali la nani alikaa kikaoni wakati wa kupanga, nani anahesabu, na mlipwaji anaweza kusema hapana au hawezi.

Na hapa Saadani ina somo lisilopendeza. Kitongoji cha Uvinje, kilichoko pwani hiyohiyo, kimekuwa katika mgogoro wa mpaka na hifadhi kwa miaka mingi. Wakazi wake wameshikilia kwamba ardhi yao iliingizwa ndani ya mipaka bila ridhaa yao. Sina mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba mtu anayeambiwa kuwa mahali alipozikwa babu yake si pake hawezi kuombwa amsubirie kasa kwa miaka 30. Subira inahitaji sakafu ya kusimamia. Mwenye uhakika wa kesho ndiye anayeweza kuacha kitu cha leo. Asiye na uhakika atakata mkoko leo, si kwa sababu hajui faida yake, bali kwa sababu hajui kama kesho ataruhusiwa kuuona.

Ni kweli kwamba hifadhi zetu za taifa zina utaratibu wa ujirani mwema, na madarasa na zahanati vimejengwa kwa fedha zake. Jambo jema. Lakini darasa ni la watoto wote wa kijiji, hali gharama ya kuhifadhi haiwaangukii wote sawasawa. Inamwangukia zaidi mwenye jarife, wavu ule wa macho makubwa unaotegwa kwa papa na taa na ambao huwazamisha kasa. Inamwangukia mama aliyekuwa akikusanya kuni za mikoko kwa ajili ya kukaangia samaki, na mkulima ambaye nguruwe na tembo wanavuka mpaka usiku bila kuonyesha kibali. Ukigawa faida kwa wote na hasara kwa wachache, jumla ya hesabu inaweza kusoma vizuri huku wachache hao wakiendelea kuumia. Ujirani mwema wa kweli huanza kwa kuuliza kila kaya imeacha nini.

Mtu atauliza: na je, subira hii inazaa kweli, au tunawagombanisha watu kwa ajili ya ndoto? Inazaa. Kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, kilianza kuwalinda kasa wake mwaka 1968, baada ya miaka mingi ya kuwachinja kwa biashara ya nyama. Leo viota huko vimeongezeka mara kadhaa. Na Oktoba 2025, katika mkutano uliofanyika Abu Dhabi, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba kasa wa kawaida, yule wanasayansi humwita kasa wa kijani, ametolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Idadi yake imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Nduguye ng'amba, aliyewindwa kwa ajili ya gamba lake la mapambo, bado yuko kwenye hatari kubwa kabisa. Lakini kwa kasa wa kawaida tumeona mara moja, katika uhai wa kizazi kimoja, kwamba kusubiri kunalipa.

Nikiisoma habari hiyo nawafikiria wale walioisababisha. Kasa wanaotaga sasa ni mayai ambayo mtu fulani hakuyala miaka ya 1980 na 1990. Watu hao walikuwa wavuvi na wake zao, kwenye visiwa na fukwe nyingi za bahari hii na nyinginezo, na wengi wao wamekwisha fariki bila kuambiwa kwamba walishinda. Hakuna aliyeitwa Abu Dhabi. Tangazo lilipotoka, sifa zilikwenda kwa mashirika, kwa sheria na kwa mikataba, ambavyo vyote vilistahili sehemu yake. Sehemu iliyobaki haijalipwa, na waliostahili kulipwa hawapo. Basi deni hilo linalipwa kwa namna moja tu: kwa kuwatendea haki wanaosubiri sasa hivi, kabla nao hawajaondoka.

Wakati huohuo, gharama zinaongezeka, na baadhi yake mwanakijiji hawezi kuzilipa hata akitaka. Mchanga ukizidi kupata joto, viota vitatoa majike watupu. Bahari ikipanda, ufuko utapungua na mikoko itatafuta pa kurudi nyuma, ikute shamba la chumvi au ukuta wa hoteli. Plastiki inayokwama kwenye mizizi ya mlilana haikutupwa na watu wa Saadani peke yao. Nyingi imeletwa na mito na mikondo kutoka miji yenye watu wengi na magari mengi. Kumdai mvuvi ukamilifu huku sisi tukiendelea hivi ni kumtwika mzigo wetu na kumlaumu kwa kuchechemea.

Kwa hiyo sioni kwamba tunapungukiwa na mahubiri ya subira. Watu wa pwani wanaijua kuliko wanaowahubiria. Wamekaa na bahari, na bahari haina haraka. Tunachopungukiwa ni haki ndogondogo zinazoifanya subira iwezekane: mpaka uliochorwa kwa kukubaliana, fidia inayofika kabla ya msimu wa njaa, daftari linalosomwa hadharani, kiti kwa mvuvi kwenye kikao cha hifadhi, na fedha ambazo haziishi pale mfadhili anapobadilisha mawazo. Hizi si huruma. Ni malipo ya kazi inayofanyika kila usiku kwa niaba yetu.

Msomaji anayepanga kwenda Saadani, atakapolipa ada getini, anaweza kuuliza simba wameonekana wapi. Ni swali la kawaida na ataelekezwa. Lakini aongeze mengine mawili: katika ada hii, kiasi gani kinafika vijijini, na nani wa kijijini alikuwepo kilipopangwa? Anayenunua kamba sokoni Feri, Dar es Salaam, anaweza kuuliza wamevuliwa kwa wavu gani. Maswali hayo hayamzuii mtu kufurahia pwani. Yanamweka upande wa wanaolipa, mahali ambapo kila anayekula anapaswa kuwapo.